Mama Alipohamishwa Ukumbini

Kilwa Masoko
Jumapili, 19 Januari 2025

Wifi yangu Mwahija,

Shikamoo. Assalaam aleikum. Sisi huku wazima, mafua ya Zuhura yamekwisha, na magoti ya Mama yenu ni yaleyale unayoyajua. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na hao wasichana wako themanini wa bwenini, ukiwa hujamchapa yeyote leo.

Utashangaa kuletewa barua na Kibwana konda badala ya kupigiwa simu. Simu ya nyumba hii ni moja, ya kaka yako Hussen, naye akiongea lazima aweke sauti kubwa mpaka jirani aitikie salamu. Haya ninayotaka kukwambia sitaki Mama ayasikie. Nimechana karatasi kwenye daftari la Mfaume, naye hajajua bado.

Wifi, asubuhi zimenishinda. Hussen akishasali Alfajiri anakwenda zake soko la samaki. Mimi nabaki na jiko la vitumbua, watoto watatu na kiatu kimoja. Hicho kiatu kila siku ni kimoja, mwenzake yuko chini ya kitanda au uani kwenye matope. Mfaume anatafuta soksi, Latifu anatafuta daftari, Zuhura anatafuta kilio. Halafu nyuma ya mlango wa mbele yupo Mama kwenye mkeka wake. Unapajua pale. Hakuna mtoto anayetoka bila kupiga goti, kumwamkia, kubusu mkono na kusomewa Ayatul Kursiyyu mpaka mwisho apulizwe kichwani. Kisha Mama anakagua vifungo vya shati, kisha anauliza mtu kaota nini. Latifu peke yake anakula dakika kumi, maana yule ndoto nyingine anazitunga palepale. Shuleni mstarini ni saa moja na robo. Mfaume ameshachapwa mara nne tangu shule zifunguliwe, na ni darasa la saba.

Alhamisi nilitoka na beseni la vitumbua kichwani, Mama amenyoosha mguu, nikajikwaa nusura nimwage. Nikasema kwa sauti, "Mama nawe hebu tupishe, unatuchelewesha wote!" Akaukunja mguu. Siku nzima stendi nilikuwa siioni biashara. Jioni nikamkaangia samaki changu, akala, akaniombea dua. Hapo ndipo nikaona aibu kuliko ambavyo angenitukana.

Wewe unawaamsha themanini na saa moja wako darasani. Nipe akili wifi, kabla sijawa mtu mbaya.

Wifi yako,
Hamida


Lindi
Ijumaa, 24 Januari 2025

Wifi Hamida,

Marahaba. Waaleikum salaam. Mimi mzima, presha inapanda na kushuka kama mimi ninavyopanda na kushuka ngazi za bweni. Kuchapa nimeacha, siku hizi nawatazama tu, wanatii.

Kwanza nicheke. Binti uliyemfunga kaka yangu kamba puani umeshindwa na kiatu cha mtoto! Sasa nisikilize, maana hii ndiyo kazi yangu.

Asubuhi hutengenezwa jioni. Nenda dukani kwa Mehboob ukaombe yale masanduku ya mbao yanayokuja na bidhaa, fundi akupigie shubaka la viatu hapo ukumbini. Juu yake kila mtoto awe na msumari wake wa mfuko na msumari wake wa sare, kwa kimo chake, siyo kimo chako. Wakishakula usiku, kila mtu anaweka vitu vyake mahali pake na wewe unakagua. Asiyeweka, kitumbua cha kesho hana. Maji ya kunawa yajazwe kabla ya kulala. Ukifanya hivyo wiki mbili utaniletea zawadi.

Lakini shubaka litakaa wapi, kama Mama yupo pale? Hapo mlangoni siyo mahali pa mtu mzima, wifi. Upepo wa mlangoni ndio unaomla magoti. Kile chumba cha uani mnachoweka mkaa kipakwe chokaa, awekewe kitanda chake na mkeka wake, apumzike. Na dua haina saa. Wakae kwake wote watatu baada ya Magharibi, awasomee taratibu, waeleze na hizo ndoto zao. Asubuhi wapite kwake kimya wakienda kunawa, asishtuliwe. Mama amelea watu miaka sitini, hajawahi kulala mpaka jua likatoka. Chai yake iweke kwenye chupa tangu alfajiri na kikombe pembeni, asihitaji kumngoja mtu.

Mwambie ni neno langu, atakubali. Na hilo la kumpigia kelele liache, nani hajawahi?

Wifi yako,
Mwahija


Kilwa Masoko
Jumapili, 9 Februari 2025

Wifi yangu,

Shikamoo tena, na mara hii nakuamkia nikiwa nimekaa, nakunywa chai ya moto saa moja asubuhi kama mke wa mkuu wa wilaya! Sisi wazima. Pole na presha, punguza chumvi na punguza amri.

Mambo yamekaa. Mehboob alinipa masanduku manne bure kwa sababu Mama alimjua marehemu mama yake. Fundi kapiga shubaka la ngazi mbili, misumari sita, na Zuhura amechora samaki juu ya wa kwake asikosee. Watoto wanatoka mlangoni saa kumi na mbili na dakika arobaini, hakuna aliyelia, hakuna aliyepigwa kofi. Mwalimu alimuuliza Mfaume kama tumehamia karibu na shule. Mimi nafika stendi vitumbua bado vinatoa moshi, na wateja wamerudi.

Mama nilimwambia kama ulivyosema. Akauliza, "Mwahija ndiye aliyesema?" Nikamwambia ndiye. Akasema, "Basi haya, mwanangu." Akaukunja mkeka mwenyewe, akaubeba mwenyewe hadi uani, nikimwambia aniachie hataki. Chumba kimependeza, kina dirisha, ingawa harufu ya mkaa bado ipo ukutani.

Jioni watoto wanakwenda kusomewa, lakini wifi, si kama asubuhi. Jioni wamechoka, Zuhura anasinzia, Mfaume ana masomo ya ziada. Jana alikwenda Latifu peke yake. Asubuhi wanapita kwenye pazia lake kwa ncha za vidole kana kwamba wanakwenda kuiba sukari.

Kuna siku, Jumatano, nilirudi kutoka stendi nikamkuta ameketi kitandani, kanga mbili safi, kichwa kimefunikwa. Akaniuliza, "Wameshaondoka?" Nikamwambia zamani, Mama, saa nne hii. Akasema, "Sikuwasikia." Akajilaza. Nikiona shubaka nafurahi, nikiona ule ukuta hapo chini ulivyochubuka kwa mgongo wake nageuza macho. Nimrudishe, wifi? Sema tu.

Wifi yako,
Hamida


Lindi
Ijumaa, 14 Februari 2025

Wifi Hamida,

Marahaba. Huku salama, tunajiandaa na mitihani na baada yake Ramadhani inshallah.

Usimrudishe. Mtu mzima akihamishwa hununa kidogo kama mtoto aliyeachishwa ziwa, kisha huzoea. Ukimrudisha, viatu vitarudi uani na Mfaume atarudi kwenye viboko, na mtihani wa darasa la saba haumngoji. Unamhurumia Mama au unajihurumia wewe? Mpelekee hii kanga aliyobeba Kibwana, mwambie binti yake anamsalimia na anamuwaza.

Ukuta paka chokaa.

Wifi yako,
Mwahija


Lindi
Alhamisi, 6 Machi 2025

Hamida,

Assalaam aleikum. Nilifika Lindi juzi jioni. Nimempigia Hussen, kasema Mama bado yuko wodini, amekunywa uji kidogo, upande wa kulia haujarudi tangu kile kiharusi. Sina salamu nyingine.

Siku zote sita nilizokaa huko tulikuwa tunapishana, wewe na chakula cha hospitali, mimi na ndoo ya kufulia. Hatukuzungumza. Nadhani sote wawili tulikuwa tunakwepa. Kwa hiyo naandika.

Siku ya pili baada ya Mama kukutwa sakafuni, daktari alituuliza mbele ya Hussen mara ya mwisho kumwona Mama mzima ilikuwa saa ngapi. Ulijibu wewe, haraka: saa kumi na mbili na nusu, watoto wote walimwamkia, aliitikia vizuri. Daktari akaandika. Mimi nikashukuru Mungu kwamba walau aliamkiwa.

Siku ya kuondoka nilikuwa namsuka Zuhura nywele. Nikamwambia mwanangu, kumbuka Bibi alivyokuitikia siku ile, hiyo ni radhi yake. Akaniambia, "Shangazi, sisi asubuhi hatumwamkii Bibi. Tunapita kimya. Umesema wewe."

Umesema wewe. Mtoto wa miaka sita, ananiambia huku amenipa kisogo.

Najua niliyoyaandika, barua zangu unazo, huna haja ya kunikumbusha. Nakuuliza jambo moja tu. Jumanne ile, tarehe ishirini na tano, nani alimwona Mama asubuhi?

Wifi yako,
Mwahija


Lindi
Jumapili, 16 Machi 2025

Wifi Hamida,

Saumu iwe nyepesi kwenu. Kibwana ameapa alikukabidhi barua mkononi. Hussen kaniambia Mama ameruhusiwa, yuko nyumbani tangu Jumatano, nawe ndiye unayemgeuza na kumlisha. Mungu akulipe.

Ile niliyoiuliza niliiuliza kwa hasira. Sasa naiuliza kwa sababu sipati usingizi. Nijibu hata mstari mmoja.

Wifi yako,
Mwahija


Kilwa Masoko
Ijumaa, 21 Machi 2025

Wifi yangu Mwahija,

Shikamoo. Ukiwa na moyo wa kuitikia utaitikia. Watoto wazima. Mama anakula uji na ndizi za kuponda, hana vidonda, nakagua mgongo wake kila siku.

Leo tunaingia kumi la mwisho na mimi funga zangu zote ishirini naona ni njaa tu, kwa sababu nina uongo tumboni. Nilianza kukuandikia mara tatu, nikachana.

Hakuna aliyemwona, wifi. Hussen alipotoka alidhani mimi nitamjulia hali. Mimi nilidhani watoto wakienda kunawa mmoja atachungulia. Watoto walitii walivyoambiwa. Na haikuwa siku ile tu. Ilikuwa hivyo kila siku, wiki tatu, tangu lile shubaka lipigwe. Asubuhi zilikwenda vizuri mno hata hakuna kilichotushtua kwamba mtu mmoja hayumo.

Lakini hilo ni la nyumba nzima. Langu ni jingine. Watoto walipokwisha kutoka, nilikwenda uani kuchukua kawa la kufunikia beseni. Nikasikia kitu kimeanguka chumbani kwa Mama. Kikombe cha bati. Nilikisikia kikibingirika kisha kikatulia. Nikasimama. Kati yangu na pazia zilikuwa hatua tatu, sizidishi. Nikangoja nisikie akisema "astaghfirullah" kama anavyosema siku zote akiangusha kitu. Hakusema. Nikajiambia ataokota, nitamwona nikirudi.

Sikuwa na haraka yoyote, wifi, ndiyo sababu naumia. Saa ilikuwa haijafika hata kumi na mbili na dakika hamsini. Nilijua tu nikifungua pazia atanishika mkono, ataniambia "kaa kidogo mwanangu", na mimi nilikuwa naionea wivu ile asubuhi yangu iliyonyooka. Sikutaka mtu aikunje. Nikabeba beseni nikaondoka.

Vitumbua viliisha saa tatu. Ningerudi. Nilikaa stendi na wenzangu tukicheka mpaka saa tano, nikapitia unga, nikafika nyumbani nikaosha vyombo nikiimba. Nilimpelekea chakula saa saba. Alikuwa sakafuni ubavu, macho wazi, kanga imelowa, ameelekea mlangoni.

Kwa daktari nilidanganya kwa sababu Hussen alikuwa amesimama pale ananitazama. Sijui kama zile saa zingebadilisha kitu. Sikuthubutu kuuliza, maana ningelazimika kusema ni ngapi. Hussen hajui mpaka leo. Nimeanza na wewe kwa kuwa Mama ni wako zaidi kuliko ni wangu.

Fanya unavyoona.

Wifi yako,
Hamida


Kilwa Masoko
Ijumaa, 4 Aprili 2025

Wifi yangu,

Shikamoo. Idi imepita hujaandika, wala ulipopiga simu kwa Hussen hukuniulizia. Ni haki yako. Nakuandikia tu hali ya Mama ili usiipate kwa kipande, maana kaka yako kila akiulizwa anasema "hajambo".

Siku ya Idi mosi nilimwambia Hussen. Nilimwambia yote, pamoja na kikombe. Alitoka, akarudi saa kumi jioni, akaanza kung'oa misumari ukumbini mmoja mmoja. Hakunigusa na hakunifokea. Analala chumba cha watoto, anasema ni kwa ajili ya joto.

Mama tumemrudisha ukumbini, tumemtandikia godoro palepale. Viatu viko uani kwenye matope, Mfaume alichelewa jana na leo, na hakuna aliyethubutu kulalamika.

Hujamsikia Mama tangu aanze kutoa sauti, kwa hiyo nikueleze. Maneno yote yamekwenda limebaki moja. Anasema "marahaba". Ukimgeuza na inamuuma, marahaba. Akitaka maji, marahaba. Juzi alipita paka, akamwambia marahaba. Daktari anasema ndivyo inavyokuwa, yale mtu aliyoyasema sana maishani huwa ya mwisho kuondoka, nasi tusikate tamaa.

Watoto mwanzo walicheka, sasa wamezoea. Mimi sijazoea. Naingia kutoka jikoni, sijafungua mdomo, ananitazama kwa jicho lile moja linalofunguka vizuri na ananiitikia. Ananiitikia salamu ambayo sikumpa wiki tatu! Usiku wa Idi nilimshika mkono nikamwambia Mama nisamehe, nilikusikia nikapita. Akasema marahaba. Nishike lipi hapo, wifi? Amesamehe? Paka naye alijibiwa vivyo hivyo.

Ungenitukana ningeshukuru. Walau lako ningelielewa.

Wifi yako,
Hamida


Lindi
Jumamosi, 12 Aprili 2025

Wifi Hamida,

Marahaba. Hii ni ya zile barua zako mbili ambazo sikuziitikia. Natumaini watoto wazima na Mama amepata usingizi. Mimi sina maradhi, nina aibu.

Barua yako ya Ramadhani niliisoma nimesimama getini. Nilikasirika siku tatu. Siku ya nne hasira ikaisha, na kilichobaki hakikuwa chako tena, kilikuwa changu. Sikukuandikia kwa sababu ningekusamehe, ungeniona mwema, nami nisingeweza kuvumilia hilo.

Nyumba usiyolala ndani hujui ila yake, lakini mimi ila ya nyumba yenu niliijua kabla yako. Desemba nilipokuja, siku ya mwisho, wewe ukiwa stendi, Mama alinishika mkono akaniambia, "Mwahija, nichukue. Hamida ni mtoto mzuri ila nyumba imemzidi, naona ninamlemea. Nichukue nikae kwako." Nikamwambia Mama, shule hairuhusu, nyumba ya matroni ni chumba kimoja. Akasema haya.

Vyumba ni viwili, Hamida. Cha pili kina masanduku yangu, seti ya vyombo ambayo sijawahi kupakulia mtu, na cherehani ninayoifunika na kitambaa. Shule haijawahi kunikataza kitu. Nilipenda tu nikifunga mlango jioni kuwe hakuna anayeniita, maana mchana kutwa naitwa na watu themanini.

Ulipoandika unaomba akili, mimi nilisikia jambo jingine. Niliona kuna njia ya Mama kutulia kwenu asiniombe tena. Nikakupangia viatu na misumari, ila nilichokuwa nakipanga hasa ni Mama. Ukaniuliza kama umrudishe, nikakuuliza unamhurumia nani. Maneno hayo nayasikia kila nikisujudu. Na Mama alipokuuliza kama ni mimi niliyesema, alikuwa anauliza kitu ambacho wewe hukukijua.

Chumba cha pili nimekitoa vitu vyote. Nimeomba ruhusa, nimepewa siku hiyohiyo niliyoomba. Nitakuja Jumamosi ya tarehe 26 na gari la kukodi kumchukua Mama. Nimeshazungumza na Hussen. Nimewaita na wajomba kutoka Pande na wa Kisiwani, tukae kikao kama ada, isomwe dua, tuombane radhi. Na nitakushukuru mbele ya watu, wifi, nitasema hadharani kwamba miaka tisa umemlea mama yangu kuliko mimi niliyezaliwa tumboni mwake. Kaka yako naye lazima asikie hilo, arudi chumbani kwake.

Tuanze upya, mimi na wewe.

Wifi yako,
Mwahija


Kilwa Masoko
Alhamisi, 17 Aprili 2025

Wifi yangu Mwahija,

Shikamoo. Sote tunaendelea vyema. Mama leo alishika kijiko mwenyewe kwa mkono wa kushoto.

Barua yako imefika, nimeisoma mara nyingi. Kwa lile la Desemba sina cha kukusamehe, ila kama unataka neno, nimekusamehe. Hussen amefurahi unakuja. Wajomba wamethibitisha, na nimeanza kuulizia mchele wa pilau. Dawa za Mama nimezifunga kwenye mfuko mmoja, na nimemwandikisha Mfaume saa za kumgeuza kwa mwandiko mzuri, utazikuta.

Kuna jambo moja naliandika sasa kwa sababu ukishafika sitaweza.

Niliposoma kwamba unamchukua Mama, sikulia wala sikusema alhamdulillahi kwa ajili yake. Nilishusha pumzi. Kabla sijamaliza mstari, macho yalikuwa yameshakwenda ukumbini, napima pale godoro lilipo, nawaza shubaka litakaa vizuri zaidi likisogezwa karibu na dirisha. Baada ya yote yale, wifi. Mama alikuwa ananitazama.

Njoo, umchukue, kwako atakuwa salama kuliko kwangu. Ila siku hiyo mbele ya watu nakuomba usinishukuru. Nitalia, na wote watadhani ni uchungu wa kuagana.

Wifi yako,
Hamida